Kusudi kwa Mtindo wa Polisi

Nimekaa mbele ya waandishi wa barua katika miji mingi. Yule wa Aden alikuwa mlevi, lakini alijua kusikiliza. Wa Bombay aliandika barua za mapenzi kwa lugha nne na akalia kwa zote. Wa Kampala alikuwa mwizi, ila aliiba kwa adabu. Isaiah Sifuna wa River Road, Nairobi, hakulewa, hakuiba, hakulia, wala hakusikiliza. Kati yao wote ndiye niliyemdharau zaidi, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo.

Mwaka ule wa 1959 nilikuwa nimepanga chumba juu ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja, na meza ya Sifuna ilikuwa barazani chini ya dirisha langu. Kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, niliamshwa na taipu yake. Alikuwa mtu mrefu wa makamo, mwenye kichwa kidogo kilichozama ndani ya kola kubwa. Mfuko wa koti lake ulikuwa na kalamu tatu zisizo na wino. Hakuziandikia, alizivaa. Nyuma yake alikuwa ametundika kibao alichokichora mwenyewe kwa rangi nyeupe: I. SIFUNA, STETIMENTI ZA AINA YOTE.

Alizaliwa upande wa Kimilili, akasoma misheni mpaka darasa la sita, akashuka Nairobi wakati wa vita vya Hitler. Huko alipata ukarani katika kituo kimoja cha polisi, akakaa miaka kumi na mmoja akiandika stetimenti. Ni lazima nieleze neno hilo, maana habari yote hii imening'inia hapo. Katika Nairobi ya siku zile stetimenti ilikuwa na nyumba moja tu, nayo ni polisi. Mtu hakuandika stetimenti, aliandikishwa. Alisimama mbele ya meza, akaulizwa jina la baba, kabila, lokesheni na chifu, kisha maneno yake yakaingia masikioni mwa karani kama maneno ya mtu na kutoka kwenye kalamu kama maneno ya serikali. Kila mtu alianza kwa "Mimi fulani mwana wa fulani" na kumalizia kwa "sikupigwa wala sikuahidiwa kitu". Sifuna hakujua namna nyingine ya kumweka binadamu kwenye karatasi, na mbaya zaidi, hakuamini kwamba ipo.

Aliachishwa kazi kituo kilipopata karani kijana aliyepiga taipu kwa vidole kumi. Yeye alitumia viwili. Alinunua taipu kuukuu kwenye mnada wa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, akaanza kazi barazani. Mkewe, Nanyama, aliyekuwa akiuza mboga Kangemi, ndiye aliyeibeba taipu hiyo kichwani kila Jumamosi jioni kuipeleka nyumbani, na kila Jumatatu alfajiri kuirudisha. Sifuna alimtangulia njiani na kalamu zake tatu.

Angezeeka hivyo, akiwaandikia watu maombi ya vyumba na malalamiko juu ya mbwa, kama si Amerika. Mwaka ule Amerika ilikuwa imewaingia vijana wetu kama homa. Kila aliyekuwa na cheti alikuwa anaandika barua, na waliokuwa na digrii ya Makerere walitaka ya pili. Sasa vyuo vya Amerika vina tabia moja ya ajabu. Havitosheki na alama. Vinataka uandike stetimenti ya kusudi, yaani useme kwa maneno yako mwenyewe unataka kusoma nini, na kwa nini. Sijapata kuona shule ya Kenya iliyomwuliza mtoto anataka nini. Basi wasomi wazima, watu waliokariri majina ya wafalme wote wa Uingereza, walilisoma swali hilo wakapigwa na bumbuwazi. Halafu wakipita River Road wanaona kibao: STETIMENTI ZA AINA YOTE.

Haron Mungai hakuwa mmoja wa hao waliopigwa na bumbuwazi. Alikuwa mwalimu katika shule moja karibu na Dagoretti Corner, kijana mkavu wa maneno, mwenye digrii ya jiografia. Kusudi lake alilijua vizuri. Alikuwa ameliandika kwa mkono kurasa mbili, akiwa ameketi kwenye ukuta mfupi nje ya maduka mapya ya Adams Arcade siku tatu mfululizo baada ya kazi. Shida yake ilikuwa ndogo na ya kijinga. Chuo kilitaka karatasi iliyopigwa taipu, ifike kabla ya mwezi wa tatu, na taipu ya shuleni ilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule, Mzungu ambaye Mungai hakutaka ajue lolote mpaka mambo yaive. Akaja River Road Jumamosi moja ya Januari. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye ngazi nikinywa chai, nikayasikia yote.

"Nataka hizi zipigwe taipu tu, Bwana Karani," alisema akaweka kurasa zake mezani.

Sifuna alizisogeza akazikalia kwa kiwiko, bila kuzitazama.

"Jina?"

"Limeandikwa hapo juu."

"Nimeuliza jina. Karatasi haina mdomo."

"Haron Mungai."

"Mwana wa?"

"Ndungu. Lakini hilo hawakuuliza."

"Kabila? Lokesheni? Chifu wako nani?"

"Bwana Sifuna, hii inakwenda Amerika. Chifu wangu ni wa nini?"

"Mwalimu," Sifuna alisema kwa upole wa mtu anayemhurumia mjinga, "nchi isiyo na chifu inataka stetimenti ya nini?"

Mungai alinitazama pale kwenye ngazi. Niliinua mabega. Fundi wa cherehani wa duka alikuwa amesimamisha mguu wake ili asikose neno.

"Haya. Ulianza lini?"

"Kuanza nini?"

"Hiyo nia."

"Nia ya kusoma? Sijui. Makerere, labda. Hamsini na tano."

"Mwezi?"

"Nani anakumbuka mwezi?"

"Tutasema tarehe isiyokumbukwa. Ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa peke yangu!"

"Wote wanasema hivyo," Sifuna alisema, na vidole vyake viwili vikaanza kugonga.

Aligonga karibu saa nzima. Alipomaliza aliivuta karatasi, akaipuliza kana kwamba ina wino mbichi, akasimama kuisoma. Iliandikwa kwa Kiingereza cha kituoni, na kwa lugha yetu ingesomeka hivi: "Mimi, Haron Mungai mwana wa Ndungu, Mkikuyu, mtu mzima, Mkristo, mwalimu kwa kazi, nasema ya kwamba: Mnamo tarehe isiyokumbukwa mwaka 1955 nilipatwa na nia ya kusoma. Nilikuwa peke yangu. Nilionekana katika maktaba ya Makerere majira ya saa nne asubuhi nikiwa na kitabu mkononi. Nilipoulizwa kitabu ni cha nini nilijibu ni cha udongo. Tangu hapo nia hiyo nimekuwa nayo mfululizo. Nasema haya kwa hiari yangu. Sikupigwa wala sikuahidiwa kitu."

Fundi wa cherehani alipiga makofi. Mungai naye alicheka, halafu kicheko kikakatika.

"Mimi nimekwisha andikishwa moja kama hii," alisema. "Mwaka wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari. Walinichukua nyumbani pamoja na wanaume wote wa kijiji, na karani aliyeiandika alikuwa na kola kama yako. Mambo niliyosoma pale chini ya jina langu sikuwahi kuyasema."

Ungemtazama Sifuna usoni ungetafuta aibu, hata ya kuigiza. Hakuwa nayo.

"Basi mtindo unaujua," alisema. "Tia sahihi hapa."

Mtu mwingine angechukua karatasi zake akaondoka. Lakini ndege ya barua ilikuwa inaondoka Jumatatu, na taipu nyingine Mungai hakuijua. Alivuta kiti, akakaa upande ule ule wa meza, bega kwa bega na Sifuna, akasema, "Ingiza karatasi nyingine. Nitasema, wewe utapiga. Ukiongeza neno, naivunja hii mashine."

Saa mbili zilizofuata zilikuwa mapigano. Mungai alisema sentensi, Sifuna akaipiga nusu kisha akasimama kama punda.

"'Nimepima kwa kijiti.' Kijiti gani?"

"Kijiti changu."

"Kiko wapi sasa?"

"Nyumbani kwa mama yangu."

"Kilete. Kielelezo lazima kiambatane."

"Piga, Mzee!"

"'Mama yangu Wahu.' Mama ana shahidi?"

"Piga!"

"'Korongo.' Korongo liko mikononi mwa nani?"

"Mwa Mungu! Piga!"

Mwisho zilibaki sentensi chache tu, maana kila sentensi ilimgharimu Mungai jasho, naye akaanza kuyaacha yale yasiyostahili jasho. Kurasa mbili zilizoandikwa Adams Arcade zilikuwa na mapambo ya Makerere ndani yake; yote yalikufa pale barazani. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi:

"Nyuma ya shamba la mama yangu pana korongo. Kwa misimu minne ya mvua nimelipima kina kwa kijiti nilichokitia alama kwa kisu, na kila msimu kijiti kimekuwa kifupi. Bwana Shamba aliamuru watu wachimbe matuta, nao wakachimba kwa kusukumwa, na hakuna aliyewaambia udongo unakwenda kwa sababu gani. Mama aliniuliza mimi, kwa kuwa nimesoma. Sikuwa na jibu. Nataka kusoma mpaka niwe nalo, na niweze kumjibu kwa lugha anayochimbia."

"Hii si stetimenti," Sifuna alisema. "Hii ni insha ya darasa la nne." Aliitenga nakala ya kaboni, akaiweka kwenye droo, maana kituoni nakala haitupwi. Mungai alitia yake kwenye bahasha akaenda zake posta.

Majibu yalikuja mwezi wa tano. Mungai amekubaliwa, na karo italipwa na chuo, mradi awepo huko mwishoni mwa mwezi wa tisa. Dagoretti Corner yote ilijua kabla ya jua kutua, na siku ya pili River Road nayo ikajua. Hapo ndipo nilipomwona Sifuna akichanua. Alinyoosha kola. Aliongeza maneno kwenye kibao chake: NA AMERIKA. Aliwaambia wateja, wapita njia na mimi mwenyewe, bila haya, "Yule mwalimu ni mimi niliyempeleka. Alikuja hapa na makaratasi machafu, nikamtengenezea."

"Ulisema ni insha ya darasa la nne," nilimkumbusha.

"Wewe hujui kazi," alinijibu.

Sasa fuata hesabu ya kichwa chake, kama hicho kinaweza kuitwa hesabu. Alikuwa na nakala ya kaboni. Nakala hiyo imefanya kazi. Stetimenti iliyofanya kazi ni stetimenti nzuri. Lornah, muuguzi aliyekuwa akiishi jirani naye Kangemi, alipokuja akitaka kwenda kusomea ukunga, Sifuna hakumwuliza hata jina la baba. Alipiga upya maneno ya Mungai yote, korongo, kijiti, mama na Bwana Shamba, akabadilisha mwisho tu, ukawa: "kwa hiyo naomba kusomea ukunga". Wiki iliyofuata alikuja Mwanzia, karani wa reli kutoka Machakos, aliyetaka kusoma mambo ya benki. Akapewa korongo lile lile. Na kwa kuwa Sifuna alijua anwani moja tu katika Amerika nzima, ile iliyokuwa juu ya nakala ya Mungai, barua zote mbili zilikwenda kwenye chuo kile kile na ofisi ile ile, zikafunguliwa na watu wale wale.

Siku moja ya mwisho wa Julai Mungai alipanda ngazi zangu akiwa na barua mkononi. Alikuwa amebadilika rangi. Barua ile ilikuwa na adabu sana, adabu ile inayokata. Kamati ilisema imeshangaa kuona kijiti kimoja kimepima korongo moja kwa niaba ya watu watatu. Haikutaka kumshuku mtu. Lakini mpaka ijulikane maneno yale ni ya nani, nafasi ya Bwana Mungai imesimamishwa, na isipopokea maelezo ya kuridhisha kabla ya mwisho wa Agosti, yakiwemo ya mtu aliyepiga taipu, nafasi itapewa mwingine.

"Nimeshajiuzulu shuleni," alisema. "Mkuu wa shule tayari ameajiri mtu. Sina kazi huko, sina chuo huku." Kisha akasema, "Twende Kangemi Jumapili. Nataka shahidi, na wewe huna la kufanya."

Tulikwenda kwa miguu kupitia Kawangware, tukafika watu wakitoka kanisani. Sifuna alipanga vyumba viwili vya udongo, umbali wa kutupa jiwe kutoka barabara kuu iendayo Nakuru. Nanyama alikuwa amekaa mlangoni akichambua kunde kwenye ungo. Mumewe alikuwa kwenye kiti pekee, amevaa kola ile ile, taipu mbele yake juu ya kreti, akiifuta vumbi kwa leso. Alitukaribisha vizuri. Alidhani tumekuja kushukuru.

Aliisoma barua ya chuo mara mbili, midomo ikimchezacheza.

"Sioni kosa," alisema mwishowe. "Stetimenti nzuri hutumika tena. Kituoni tulikuwa na moja ya wizi wa kuku. Ilitufaa miaka sita."

"Kuku yule yule, Baba Nafula?" Nanyama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, haya ni mambo ya kiofisi."

"Miaka sita! Huyo kuku alikuwa na bahati. Wa kwangu hawamalizi Krismasi moja."

Mungai hakucheka. "Mzee Sifuna, nataka kitu kimoja. Uandike kwamba maneno yale ni yangu, kwamba wewe ulibaki na nakala, na kwamba uliwapigia Lornah na Mwanzia bila mimi kujua. Utie sahihi. Basi."

Sifuna aliegemea nyuma mpaka kiti kikalia.

"Mimi? Mimi nitie sahihi stetimenti?"

"Ndiyo."

"Mwalimu, wewe unanifanya mshamba. Nimewaandikisha watu miaka kumi na mmoja. Sikumbuki hata mmoja aliyetoka pale mlangoni akiwa afadhali kuliko alivyoingia. Hata waliokuja kushtaki wenyewe. Hapana. Jina langu halitakaa kwenye karatasi ya namna hiyo."

Hiyo ilikuwa sentensi ya kwanza ya kweli niliyoisikia kinywani mwa mtu yule, naye aliitumia kujifichia.

"Kwa hiyo unajua," Mungai alisema polepole. "Siku zote ulijua."

Sifuna alichukua leso. Alirudia kufuta taipu.

"Baba Nafula, mwandikie mtoto wa watu," Nanyama alisema. "Mimi hiyo mashine yako naibeba kichwani mpaka shingo inanililia. Angalau nijue nimebeba kitu cha maana."

"Nimesema hapana."

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini Mungai alikuwa mwalimu, na walimu wana ujanja mmoja usiofundishwa chuoni: mwanafunzi mwenye majivuno humwiti ubaoni. Unaandika kosa ubaoni ukamwacha akae nalo. Alitoa daftari na kalamu, akaketi kwenye kizingiti karibu na Nanyama.

"Sawa, Mzee. Hutatia sahihi. Nitaandika mimi mwenyewe, niseme nimesikia kwako." Akaandika huku akisoma kwa sauti. "'Siku moja kuna mtu mmoja anaitwa Sifuna...'"

Leso ilisimama juu ya taipu.

"'...yeye alipiga barua yangu, halafu baadaye akapiga zingine...'"

"Mtu mmoja ni nani?" Sifuna alisema. "Sifuna wako wengi. Kimilili peke yake wamejaa tele."

"Wataelewa. 'Zingine akawapa watu fulani...'"

"Fulani! Mwalimu, wapi umeona fulani kwenye stetimenti? Na siku moja ni siku gani? Hakuna tarehe, hakuna mahali. Karatasi kama hiyo hata koplo hawezi kuipokea."

"Mimi sijui mtindo, Mzee. Wewe ndiye karani. 'Sababu alikuwa na kopi...'"

"Kopi!" Sifuna alisimama. Shingo yake ilikuwa imetoka kwenye kola kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Hiyo si kopi, ni nakala ya kaboni iliyohifadhiwa! Toka hapo. Toka, unaharibu kazi. Mama, nipe karatasi nyeupe. Mbili, na kaboni katikati."

Nanyama aliinuka haraka kuliko nilivyodhani mwanamke mnene anaweza kuinuka.

Nimemwona mpiga marimba wa Wachopi kule Msumbiji na mwandishi wa hati za Kiarabu kule Lamu, watu waliozama katika kazi yao mpaka wakasahau kama wana mwili. Sikutegemea kuona hali hiyo kwa mjinga. Vidole viwili viligonga bila kusita. Hakuuliza mtu swali lolote. Alijiuliza mwenyewe, kwa sauti ya chini ya kituoni, na kujijibu. Jina? Mwana wa? Ulikuwa na nani? Aliposita ilikuwa ni kutafuta neno lililo sahihi zaidi. "'Niliyatwaa,'" alinong'ona. "Si 'nilichukua'. 'Niliyatwaa.'"

Kisha akasimama akatusomea, kifua mbele, kwa Kiingereza kile kile cha kituoni, ninachokitafsiri hapa: "Mimi, Isaiah Sifuna mwana wa Makokha, Mbukusu, mtu mzima, Mkristo, mwandishi wa barua kwa kazi, mkazi wa Kangemi, nasema ya kwamba: Mnamo Januari 1959, barazani River Road, nilipiga taipu maneno yaliyotamkwa na Haron Mungai. Maneno hayo yalikuwa yake. Nilijaribu kuyabadilisha, akanizuia. Nilibaki na nakala ya kaboni. Mwezi Juni niliyatwaa maneno hayo bila ruhusa nikawapa Lornah, muuguzi, na Mwanzia, karani wa reli, ambao hawakujua yametoka wapi. Nilikuwa peke yangu. Korongo silijui. Kijiti sijapata kukiona. Nasema haya kwa hiari yangu. Sikupigwa wala sikuahidiwa kitu."

Haikuwa na neno la ziada wala neno la uongo. Alitia sahihi chini, akatia dole gumba la wino wa utepe wa taipu kando ya sahihi, akanisukumia kalamu ya Mungai nitie yangu kama shahidi. Nilitia. Mungai aliikunja karatasi mara tatu akaiweka mfukoni, na mlio ule mdogo wa karatasi inayokunjwa ndio uliomwamsha Sifuna.

"Ngoja, Mwalimu. Kuna koma hapo mstari wa nne."

"Itawafaa hivyo hivyo."

"Ngoja nikuambie. Lete niisahihishe."

"Baba Nafula," Nanyama alisema akirudi kwenye kunde zake, "mwache mtoto aende. Umeandikishwa."

Tulimwacha amesimama mkono umenyooshwa. Tulivuka Kawangware. Hapo Mungai alisimama akacheka peke yake, kicheko kibaya kidogo, nami sikumlaumu.

Lornah alifika River Road wiki mbili baadaye, maana chuo kilikuwa kimemwandikia naye. Alisimama mbele ya meza na sare yake nyeupe, akasema kwa sauti iliyofika ghorofani, "Sifuna! Mimi nimepokea watoto wa watu zaidi ya mia tatu kwa mikono hii, na wewe unawaambia Wazungu nimekaa korongoni nacheza na kijiti?" Alimsukuma kutoka kitini, akakaa mwenyewe, akaingiza karatasi, akaanza kupiga kwa kidole kimoja. Sifuna alichungulia juu ya bega lake akisema hiyo si stetimenti. Aliambiwa anyamaze, akanyamaza.

Jibu la Mungai lilikuja katika wiki ya pili ya Septemba. Nafasi yake imerudishwa, na tiketi iko njiani. Lakini kamati iliongeza aya moja kwa mkono. Maelezo ya Bwana Sifuna, ilisema, yameondoa shaka yote. Ila yamewatia wasiwasi. Je, mtu huyo, anayesema hakupigwa, aliandika haya akiwa mahali gani? Yuko kizuizini? Kuna lolote ambalo chuo kinaweza kumfanyia?

Mungai aliniuliza ajibu nini. Nikamwambia aandike kweli: kwamba Bwana Sifuna ni mzima, kwamba yuko huru kabisa, na kwamba kesho saa mbili asubuhi atakuwa mezani kwake.